Wavu Alioukata Mjomba Deo

Kipupwe cha Uluguru hunukia karoti mbichi na udongo uliolowa ukungu. Lakini kipupwe cha mwaka niliokuwa darasa la saba, jikoni kwa bibi kuliingia harufu nyingine, ya chumvi iliyokolea kwenye koti la mjomba Deo. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa baharia wa meli ya uvuvi ya kigeni, kule bahari kuu kusikokuwa na mpaka wa nchi yoyote. Tulizoea kumwona Krismasi. Safari hii alikuja Agosti, mikono mitupu, akakaa karibu na moto bila kuvua koti. Sasa, kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye msimamizi wake. Yeye ndiye aliyeahidi kunisomesha sekondari ya bweni mjini, nami nilikuwa nimeshaota hadi rangi ya sketi.

Alitueleza taratibu. Nyangumi hutoka kusini kwenye baridi kali, hupita maji ya nchi nyingi, huja kuzaa kwenye bahari zetu zenye joto. Ndama mmoja alinasa wavuni mwao kule bahari kuu, na mama yake akashinda akiizunguka meli. Nahodha akaamuru kazi iendelee, eti maji yale hayana mwenyewe. Mjomba akachomoa kisu, akaukata wavu. Ndama akaenda na mama yake, samaki wakaenda, na kazi ikaenda.

Bibi hakuwahi kuiona bahari. Aliuliza jambo moja tu: "Alikuwa amekuja kujifungua?"

"Ndiyo, mama. Huja huku kwa ajili hiyo."

"Basi umefanya sawa. Mwanamke anayekwenda kujifungua hazuiwi njiani, hata akikatiza shamba la adui." Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na bibi alizaa tisa.

Mimi nilikasirika, tena sana. Nikamwuliza mjomba mbele ya wote, "Kati yangu na huyo samaki, ndugu yako ni nani?" Bibi alinifinya, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Mjomba akasogeza kuni motoni. Januari wenzangu walishuka mjini na masanduku ya bati, mimi nikashuka na tenga la karoti.

Leo karoti hizohizo ndizo zinazomsomesha binti yangu. Mjomba amezeeka, ila bado analima. Juzi nilisoma kwenye simu kwamba mataifa yamekubaliana kuilinda bahari kuu na viumbe wake, nikapanda shambani kwake kumsomea. Alisikiliza hadi mwisho, jembe begani.

"Wamechelewa," akasema.

"Hata mimi nimechelewa, mjomba. Nisamehe kwa lile neno."

Alishusha jembe. "Wewe ulikuwa na bibi, ulikuwa na mama yako, ulikuwa na mimi," akasema. "Yule ndama alikuwa na mama tu, na mama yake hana mikono ya kushika kisu."