Dakika Kumi na Moja za Safina

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa meza isiyo na droo, televisheni yenye kioo kidogo kuliko sinia la wali, na kaunta buku jipya. Ofisi ya gazeti letu la wiki ilikuwa Kinondoni, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa. Nilikuwa nimetoka Njombe, nimefundisha shule ya msingi, na nilidhani nimeajiriwa kusahihisha prufu, yaani kurasa za majaribio kabla hazijaenda mtamboni. Mhariri wa Burudani alikuwa na mpango mwingine.

“Nimesikia ulipokuwa mwalimu ulikuwa unawachosha wakaguzi kwa maswali,” aliniambia. “Kaa hapo, mama. Leo saa kumi na moja jioni unaanza mchezo wa watu wanaoishi angani. Utautazama kila Alhamisi, Ijumaa asubuhi utauandikia.”

Nikamuuliza mpaka lini. Akasema mpaka uishe.

Uliisha baada ya misimu kumi na moja. Msimu, kwa lugha yetu ya kazi, ni fungu la sehemu zinazorushwa mfululizo, halafu watengenezaji wanapumzika na watazamaji wanahangaika. Jina lake la Kizungu lilikuwa refu mno kwa kichwa cha habari, kwa hiyo Mhariri wa Burudani aliubatiza Safina. Mzee mmoja wa kanisa alituandikia kuuliza tumeutoa kwenye sura ya ngapi.

Habari yenyewe ilikuwa ya chombo kikubwa kilichobeba watu walioiacha dunia ikiwa imechakaa. Walikuwa wanakwenda kwenye sayari ambayo wenyewe wasingeifikia, wala watoto wao. Wajukuu ndio wangeshuka. Jambo hilo liliniingia tangu siku ya kwanza. Nilijiuliza mtu anayezaliwa katikati ya safari, asiyejua ilikoanzia wala hataona inakoishia, anaamka asubuhi kufanya nini.

Mhariri wa Burudani alichukua kaunta buku langu, akapiga mistari kwa kalamu nyekundu, akapata safu tatu. Juu ya ya kwanza aliandika Niliona. Ya pili, Nilisikia. Ya tatu, Nadhani. Akanieleza kwamba wasomaji wetu wengi saa kumi na moja wako kazini au njiani, na wengine hawana televisheni kabisa, kwa hiyo watauona mchezo kupitia kwangu. Kilichoko safu ya tatu kisihamie ya kwanza hata siku moja. Alisema hayo huku anamimina chai kutoka kwenye chupa yake, bila kuniangalia, na nilidhani ni maneno ya kawaida ya wakubwa.

Nyinyi mnaotazama kwa simu mna bahati ya kusimamisha na kurudisha nyuma. Sisi kilichopita kilikuwa kimepita. Nilijifunza kuandika bila kuangalia karatasi, herufi zikipandana kama mbuzi zizini. Nilijifunza pia tofauti ya muhtasari na mapitio. Muhtasari ni kusema kilichotokea. Mapitio ni kusema kama kimetokea vizuri. Na kulikuwa na kosa linaloitwa kuvujisha, yaani kumwambia msomaji siri ya sehemu ijayo uliyoipata kwingine. Kwa hilo ungeweza kuhamishiwa ukurasa wa vifo na tanzia.

Nilikuwa na maswali mengi kuliko nafasi. Maharage wanapanda wapi? Maji ya kuoga yanakwenda wapi? Muuguzi mmoja wa Kawe aliniandikia kuuliza mtoto aliyezaliwa kule juu, kwenye wepesi ule wa kuelea hewani, atajifunzaje kusimama dede. Niliulizia kwa mwalimu wa fizikia niliyesali naye, akaniazima vitabu viwili, na wiki iliyofuata mapitio yangu yote yalikuwa juu ya miguu ya mtoto yule. Hiyo ndiyo raha ya kazi ile. Mchezo ulidumu saa moja tu, lakini ulikuwa unanifikirisha wiki nzima.

Katika barua zile alitokea Fundi Nalinga, seremala wa Keko. Aliandika kwa penseli pana, nyuma ya karatasi za vipimo vya vitanda. Karakana yake haikuwa na televisheni. Kila Jumamosi, gundi ikiwa inakauka, aliwasomea mafundi wake ukurasa wangu kwa sauti, kisha wanabishana, kisha ananiandikia walipokwama. Nilimpenda kabla sijamwona. Hakuna mwandishi asiyetaka msomaji wa namna hiyo.

Msimu wa nne ndio ulioniangusha. Katika Safina kulikuwa na fundi mkuu wa mitambo, mwanamke wa sayari nyingine, jina lake Oru. Alhamisi moja Oru alitoka nje ya chombo kuziba bomba lililopasuka. Alipotaka kurudi, mlango ulikuwa umefungwa. Nahodha aliogopa kwamba vazi la Oru limeshika vumbi la maradhi. Oru akagonga. Nahodha alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mkono juu ya kitufe, maofisa wote wanamtazama.

Umeme ukakatika.

Jenereta ya ofisi ilikohoa mara mbili ikanyamaza. Nilitazama saa ya ukutani: zilibaki dakika kumi na moja. Nilimpigia dada yangu Mbagala, na kwake giza. Nilikipigia kituo kilichokuwa kinaurusha mchezo, mlinzi akapokea, akaniambia wenyewe wametoka. Mhariri wa Burudani alikuwa msibani kwao, kwa hiyo Ijumaa nilikwenda kwa Mhariri Mkuu.

“Ukurasa unafungwa saa sita,” alisema. “Nataka mwisho.”

“Mwisho sikuuona, mzee.”

“Mchezo huu unautazama mwaka wa nne. Watu wake unawajua. Andika.”

Kufunga ukurasa ni kuupeleka mtamboni. Baada ya hapo hakuna mkono unaogusa. Nilikaa, nikaandika. Niliandika kwamba nahodha alisimama kutoka kwenye kiti chake, akashuka ngazi peke yake, akaufungua mlango kwa mikono yake miwili, akamkokota Oru mpaka juu na kumkalisha kwenye kiti kile kile. Nasema kweli, sijawahi kuandika kwa raha kama asubuhi ile.

Alhamisi iliyofuata Oru alikuwa ndani ya chombo, mzima. Moyo ukatulia. Kisha nikaona kwamba hamsalimii nahodha. Anapita mbele yake kama anapita mbele ya kabati. Hapo nikajua mlangoni kulitokea kitu nisichokijua. Nikaenda kwa Mhariri Mkuu kuomba nafasi ya masahihisho, kile kijisanduku cha chini ambamo gazeti linakiri kosa. Akaniuliza Oru yuko hai au amekufa. Nikasema yuko hai. “Sasa tunasahihisha nini?” akasema, akarudi kwenye simu yake.

Mhariri wa Burudani aliporudi kutoka msibani alifungua kaunta buku langu. Safu ya kwanza ilikuwa imekomea katikati ya ukurasa. Akasoma gazeti, akalitazama tena daftari, akalifunga na kunirudishia. Siku hiyo hakuniita mama. Niliona aibu mpaka nikashindwa kula.

Miezi michache baadaye nilitumwa Keko kuandika makala ya msomaji wetu bora. Fundi Nalinga alinipokea kwa furaha, akanipeleka nyuma ya karakana na kuvuta shuka. Chini yake kulikuwa na kiti cha nahodha. Kile cha kwenye mchezo kilikuwa cha chuma, lakini yeye hakuwahi kukiona. Alikitengeneza kwa mninga kutokana na maneno yangu, mgongo mrefu, mikono mipana. Alinieleza kwamba mwenyewe hakikalii. Akija mtu aliyechoka, au mzee, ndiye anayekalishwa pale, kwa sababu ya nahodha aliyesimama.

Binti yake, Somoe, alikuwa pembeni anapiga vanishi miguu ya meza. Akanipa shikamoo, akaifuta brashi taratibu.

“Mama, samahani. Pale mlangoni, uliona kwa macho yako?”

“Niliona,” nikasema.

“Haya. Maana mie naona kama haikai. Mtu aliyefunguliwa mlango hanuni hivi.”

Baba yake akamwambia aache kumsumbua mgeni, Oru ni mtu asiye na shukrani na wapo wengi. Nikacheka naye. Kwenye karatasi nilikuwa nimedanganya kwa sababu ukurasa ulikuwa unafungwa. Pale Keko hakuna aliyekuwa ananiharakisha.

Kazi iliendelea. Mhariri wa Burudani alistaafu, akaja mwingine aliyetaka mapitio yawe mafupi, kisha ofisi ikahamia Temeke, kisha nikapelekwa dawati la mtandao chini ya Mkuu wa Mtandao, kijana mwenye heshima aliyenifundisha kuweka nyota moja hadi tano badala ya maneno. Safina ikaisha, wajukuu wakashuka kwenye sayari yao, na nikalia mbele ya wafanyakazi wenzangu bila kujificha. Oru alizeeka na kufa bila kumsalimia nahodha. Kila msimu Fundi Nalinga aliniuliza kwa penseli yake: kama alifunguliwa, mbona hivi? Kila msimu nilimjibu kwa kubuni, mara kiburi cha mafundi, mara mila za kwao.

Katika barua moja ya mwisho aliandika kwamba Somoe ameondoka, amefungua karakana yake Mbagala, na hawasemezani. “Nimemlea, nimempa kazi, kaniacha,” aliandika. “Siku hizi hapa karakana tunamwita Oru.” Barua hiyo niliiweka chini ya nguo kabatini. Sikuijibu.

Nimestaafu sasa. Vijana wananiuliza ubora wa mhakiki ni nini, wakitegemea nitasema lugha au kumbukumbu. Mimi nasema ni kuweza kuandika “hapa sikuona” na kuacha nafasi wazi ikaonekana. Wasomaji wangestahimili. Pengine wangeipenda nafasi ile kuliko nilichoijaza nacho, maana wangepata cha kubishania gundi ikikauka.

Mwaka huu mjukuu wangu, Tumaini, anayeuza simu Mbagala Rangi Tatu, aliniambia Safina yote imewekwa mtandaoni, tangu sehemu ya kwanza. Akaniuliza, “Bibi, nikuwekee ipi?” Nilimtajia bila kufikiri. Aliipakua kwenye tableti yake, na mimi sikuigusa siku tatu, ingawa udadisi ulikuwa unanila. Niliona si haki niione peke yangu. Siku ya nne nikaenda Keko.

Fundi Nalinga amezeeka, macho yana ukungu kidogo, lakini randa bado anaisukuma mwenyewe. Alitaka kunikalisha kwenye kiti cha mninga. Nilikataa, nikakaa kwenye benchi, nikamwambia yote: umeme, ukurasa, uongo, na jibu nililompa binti yake. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, “Washa.”

Tuliweka tableti juu ya kiti. Nahodha alikuwa pale pale nilipomwacha, mkono juu ya kitufe. Oru anagonga. Maofisa wanamtazama nahodha, nahodha anatazama chini. Hakusimama. Dakika zile zote hakusimama. Kule nje Oru aliacha kugonga, akachomoa waya kwenye chombo chake mwenyewe cha kupumulia, akaufungua mtambo wa mlango, akauunganisha, hewa ikimwishia. Mlango ukafunguka kiasi cha kupenya. Akaingia, akaanguka, akanyanyuka, akapita mbele ya nahodha bila kumtazama. Picha ya mwisho ilikuwa nahodha ameshika mikono ya kiti chake.

“Rudisha pale alipokaa,” Fundi Nalinga alisema.

Nikarudisha. Tuliitazama mara tatu.

“Somoe aliniomba nimfundishe kuunga kiti,” akasema baadaye. “Miaka mitatu. Nikawa namwambia apige vanishi.” Akafuta vumbi ambalo halikuwepo. “Yeye alikuuliza, ukamwambia uliona?”

“Nilimwambia niliona.”

“Basi twende wote.”

Aliita guta la magurudumu matatu, tukapakia kiti kile, kikafungwa kamba. Karakana ya Somoe iko pembeni ya Barabara ya Kilwa, ndogo, safi, viti vinne vimepangwa mbele. Alipotuona aliweka chini nyundo. Akampa baba yake shikamoo, akanipa na mimi. Mzee akanionyesha kwa kidevu nianze.

“Pale mlangoni sikuona,” nikamwambia Somoe. “Uliniuliza vizuri na nikakudanganya. Oru alijifungulia mwenyewe.”

“Nilijua,” akasema, wala hakusema kwa kunisuta. Akamtazama baba yake, akamsogezea kile kiti akae.

“Nitasimama,” mzee akasema. “Kiangalie. Nimekuletea ukikague.”

Somoe akainama. Alikitikisa, akasikiliza, akapitisha kidole kwenye maungio yote. Akasema mguu wa nyuma umelegea, ulikatwa mfupi tangu mwanzo. Baba yake akasema ni kweli, alijua, alitia gundi. Binti akachukua nyundo na patasi, akaanza kuutoa mguu ule ili auunge upya, na mzee akawa anamtazama mikono.

Jioni ile nilitoa kaunta buku la zamani, nikafungua ukurasa uliokomea katikati, nikaumalizia. Safu ya kwanza, Niliona: alisimama mpaka binti alipomaliza. Safu ya pili, Nilisikia: nyundo. Safu ya tatu sikuandika kitu.