Paa Lao, Moto Wetu

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, maana tangu hapo hakuna king'ora cha kazi ya mtu kilichoniamsha tena. Katika Kolwezi hii, uliza mikate mizuri inaokwa wapi, hata mgeni aliyeshuka treni jana atakuonyesha kwangu. Shule sikusoma sana. Nilifika darasa la pili, walimu wakachoka. Lakini ninachokijua nakijua.

Wabelgiji walikuwa bado wanatawala. Mimi kijana, natumika kazi mgodini, naishi na mama katika kambi ya kampuni. Nyumba ilikuwa ya kampuni: ukiacha kazi asubuhi, saa sita mchana umeshatoka. Jioni nilikuwa naoka mikate ndani ya kichuguu kikubwa nilichokitoboa nje ya kambi, njia ya Nzilo. Ukitoboa kichuguu vizuri, hakuna tanuri la matofali linaloshika joto namna ile. Watu wakaipenda mikate yangu kuliko ya kantini ya kampuni. Basi shefu, mkuu wa kambi, Mbelgiji mwenye kaptura nyeupe, akaniita.

"Patriki, chagua. Mgodi ao mikate. Kesho unipe jibu."

Asubuhi nikavua kofia nikiwa bado ndani, najizoeza kuomba. Mama alikuwa amechuchumaa kwenye mbabula, jiko letu la makaa, anapuliza.

"We Patriki, unaenda wapi na kofia mu mukono?"

"Kwa shefu, mama. Nimuombe anisamehe. Tutalala wapi?"

"Ile kofia ni ya tata yako. Rudisha mu kichwa."

Baba yangu alikuwa Mwairishi, fundi wa reli, akafia Lubudi nikiwa mdogo. Kama ulikuwa unajiuliza rangi yangu hii ya chai ya maziwa imetoka wapi, ndiyo hiyo. Aliniachia jina, kofia, na habari moja aliyomsimulia mama hata mama akaijua kama ya ukoo wake. Kwao, nyumba na shamba vilikuwa vya bwana mkubwa wa Kiingereza. Bwana alipotaka kufuga kondoo pale, watu wake walibomoa paa juu ya kichwa cha bibi yangu. Bibi hakupiga magoti. Alichota makaa kwenye chungu, akapanda nayo kilimani mvua ikinyesha, akawasha huko. Kwao moto wa nyumba hauzimwi. Usiku wanaufunika majivu, asubuhi wanaufufua. Moto ule ule ndio uliompikia baba yangu.

Mama akanisogezea mbabula. "Paa ni yabo. Moto ni yetu. Beba."

Nikabeba! Kofia kichwani, mbabula inawaka mkononi, mama nyuma yangu na godoro. Jirani yetu, Tata Mutombo, mtu wa Kasai, akashika kiuno kwa kucheka.

"E! Muzungu ya makaa anahama na moto! Kwabo kiberiti ilikwisha?"

"Kuja kesho, tata, utakula jibu!"

Langoni shefu akasimama mbele yangu, uso mwekundu. "Huo moto ni wa kampuni!"

"Makaa nilichoma mi mwenyewe, shefu. Ya kampuni ni hii." Nikamwekea ufunguo wa nyumba mkononi. Mama alicheka mpaka godoro likamdondoka.

Tulilala kando ya kichuguu, migongo imepata joto. Kesho yake wa kwanza kufika alikuwa Tata Mutombo na batoto bake wote. Kabla mvua hazijaanza, akaja mpishi wa shefu na kikapu. Nilimuuzia, kwa nini nimnyime? Lakini alipanga foleni kama wengine. Na uhuru ulipofika, watu wakicheza barabarani, mimi niligawa mikate, maana ladha ya uhuru nilikuwa naijua tayari.

Sasa sikia, mwanangu. Kumtumikia mtu si aibu. Ila uwe na kitu kimoja ambacho yeye hakukupa, hata kama ni ufundi wa mikono tu, na ukitunze kila siku usiache kipoe. Akikuambia toka, toka nacho, kofia kichwani.

Mungu akupe mikono isiyochoka na mama wa kukukemea. Popote utakapofukuzwa, ufike makaa yako yakiwa bado mekundu.