Alama ya Hasi na Saa ya Kufuturu

Niliyoyaona kwa macho yangu ni kikokotoo cha grafu, jedwali la saa za magharibi, na jua la Jomvu Kuu. Kwamba nakala ya jedwali la awali ilifika hadi Port Reitz, hilo nililisikia barazani. Nakala yenyewe sikuiona, wala siithibitishi.

Miaka ya tisini ilipokaribia kwisha, Ramadhani iliangukia Disemba. Mpwa wangu, mwalimu wa hesabu, alijitolea kuukokotolea msikiti wetu saa za kufuturu. Alikiandikia kikokotoo chake programu: kipewe tarehe na latitudo, kitoe saa ya jua kutua. Kabla ya mwezi kuandama aliniletea jedwali, tayari kubandikwa.

Nilikwenda nalo ukingoni mwa hori, pale bahari inapoingia bara. Dakika aliyoiandika ilipotimia, jua lilikuwa lingali juu ya vilima, duara zima. Lilitua baada ya karibu robo saa. Mwenye kulifuata jedwali lile angefuturu mchana, na saumu yake ingebatilika.

"Programu haina kosa, mjomba," alisema nilipomrudia. "Mwanzo ilikuwa ikikatika, nikaitengeneza."

"Ikikatikia wapi?"

"Kwenye latitudo. Nikiandika hasi nne, inaonyesha kosa. Nikiandika nne tupu, inaendelea."

"Kwa hivyo umeihamishia Mombasa kaskazini ya ikweta ili mashine inyamaze."

Alitabasamu. "Si mbali, mjomba."

"Kawaambie hivyo watakaofunga."

Tulikiwasha pamoja. Alikuwa akibonyeza kitufe cha kutoa namba kwa namba, ambacho hudai namba kabla yake. Asipoiweka, programu hukatika. Alama ya hasi ilikuwa na kitufe chake, kidogo, upande wa chini. Nilimtaka aongeze na sharti: latitudo ikizidi sifuri, programu isimame, isitoe saa yoyote. Msikitini petu nilipendelea mashine inayokataa kuliko inayoridhia.

Niliingiza nne kwa mkono wangu, ikakataa. Niliingiza hasi nne, ikatoa saa. Jioni ya pili nilirudi horini, na saa hiyo ilipotimia, jua lilikuwa limekwisha kuzama.

Jedwali la kwanza lilichanwa mbele yangu. Siku ya kwanza ya mfungo muadhini alilitazama lile jipya, akatazama saa ya ukutani, akangoja, kisha akaadhini. Nami nikala tende.