Jinsi kigango chetu cha Songea kilivyomwandika Bibi "mkaidi" kwa sababu ya maji ya Vita vya Majimaji

Wakuu, nawasalimu. Walionizidi umri, shikamooni.

Naanza na wahusika. Waliomzuia Bibi Ngonyani kubatizwa ni halmashauri ya kigango chetu, kanisa dogo chini ya parokia, pembezoni mwa Songea. Katibu wake nilikuwa mimi. Muhtasari niliuandika kwa mkono wangu na nakala ninayo, hivyo hakuna chumvi hapa.

Bibi alitaka jambo moja tu: azikwe kando ya mumewe, kwenye makaburi ya kigango.

Kanuni ilisema asiyebatizwa hazikwi pale. Tuliirithi kutoka misheni ya enzi za Mjerumani, na hakuna aliyeihoji.

Mafundisho alihudhuria yote. (Niweke kumbukumbu sawa: majibu aliyajua kuliko msimamizi wake wa ubatizo.)

Lakini kila Pasaka, padri akiinua maji, Bibi alirudi kinyumenyume hadi nje.

Mara tatu. Na mara tatu nikaandika: "Mkaidi. Amekataa sakramenti."

Katekista alimtania mbele ya watu. "Bibi, matone tu yanakukimbiza? Mbona mvua ya Januari unalima nayo?"

"Mvua haijawahi kuniahidi kitu, mwalimu."

Tulicheka. Nikafunga faili.

Kisha akaja paroko mpya. Faili hakuliomba. Alikwenda kwa Bibi, akaketi kwenye kigoda, akamuuliza kwa nini. Nilikuwepo. Swali hilo sisi hatukuwahi kuliuliza.

Bibi alieleza kwamba babu yake alinyunyiziwa maji ya dawa ya vita, akaambiwa risasi za Mjerumani zitageuka maji. Baba yake, wakati huo mtoto mdogo, alimwona akianguka kwa risasi. Baadaye askari wakachoma maghala, familia ikala mizizi. Baba akawausia wanawe: asiwanyunyizie mtu maji yenye ahadi.

"Ubatizo sikatai, Baba," alimwambia paroko. "Nakataa kunyunyiziwa. Nionyeshe maji yalipo, niyaendee mwenyewe."

Paroko akatufafanulia kwamba Kanisa linaruhusu kubatiza kwa kuzamisha. Wazee sisi, na vyeo vyetu, hatukuwa tumefikiria.

Pasaka iliyofuata tuliteremka wote mtoni. Bibi aliingia kwa miguu yake, akishikwa mkono na katekista yule yule, ambaye kuogelea hajui na alitetemeka kuliko yeye.

Alipoibuka akamgeukia. "Matone hayo, mwalimu?"

Bibi bado yupo, analima. Nafasi yake kando ya mumewe imeandikwa. Wazee wawili wa ukoo wa jirani, wenye hofu kama yake, wameanza mafundisho.

Funzo nililopata: kabla hujamwandika mtu neno, muulize sababu. Wenye visa kama hiki kwenye makanisa au misikiti yenu, leteni hapa tujifunze.

Hata hivyo, muhtasari bado unasomeka "mkaidi" mara tatu, na ubatizo wa mtoni umeandikwa kuwa "upendeleo".

Kwa hiyo naitaka halmashauri, kwa maandishi yatakayosomwa kanisani kabla ya Pasaka ijayo, ifute neno hilo, itamke kwamba kubatizwa mtoni ni ruhusa kwa yeyote anayeomba, na itaje majina ya tuliokosea, langu likitangulia.