Bahari Ilimrudisha Mume Wangu

Naikumbuka siku moja, mwanangu, siku tuliyopanda boti kwenda kuangalia matumbawe, ingawa ningefurahi kama ningeweza kuisahau. Nimesikia nyinyi vijana wa kwaya mnapanga safari ya Mombasa. Sikukatazi. Keti tu kwanza unisikilize.

Nilikuwa mke mgeni, nimeolewa juzi tu hapa Kiptere. Mume wangu, Wesley, aliimba besi kanisani, na kwaya ilipoalikwa kuimba kwenye harusi huko pwani tulienda sote. Kesho yake vijana wakakodi boti ya injini itupeleke kwenye mwamba, mahali ambapo watu huvaa miwani ya maji na mrija wa kupumulia, wakaelea kifudifudi wakitazama samaki. Sisi watu wa chai na ng'ombe, maji tuliyoyajua ni ya mto wa kuteka na ya mvua ya alasiri.

Nahodha alitupa kila mmoja jaketi ya kuelea, akasema asishuke mtu bila kuivaa. Lakini tulipofika, Kipkoech, rafiki wa Wesley tangu wakiwa wadogo, alivua yake akisema inambana, akaruka. Yeye alikuwa amejifunza kuogelea shuleni. Wenzake wakageuka kumtazama Wesley. Sijui vijana mna nini na kutazamana kwa namna ile. Wesley hakujua kuogelea hata kidogo, lakini naye akavua yake, akashuka majini. Nahodha alikuwa ameinama akinifunga kamba zangu, hakuona.

Nilishuka kwa ngazi, nikainamisha uso majini. Kwa muda mfupi niliona uzuri ambao sijauona tena: samaki wa manjano wakipita katikati ya matumbawe bila haraka, kama watoto wanaotoka shule. Kisha nikashikwa mabega. Mrija wa Wesley ulikuwa umeingia maji, naye alikuwa amepotewa na akili kwa hofu. Akanipanda. Jaketi yangu haikuweza kutubeba sote wawili. Nikazama, nikaibuka, akanisukuma chini tena kwa mikono yote miwili, na nilipofumbua macho niliona goti lake kifuani pangu. Nahodha ndiye aliyeruka akatutenganisha, akatupandisha kwenye boti mmoja baada ya mwingine.

Nikiwa bado natapika maji ya chumvi, aliniambia kwa sauti ya chini, "Dada, mtu anayezama hajui amemshika nani. Hata mimi angenizamisha. Usimhesabie hilo."

Sikumhesabia. Mungu ni shahidi wangu, sikumhesabia hata siku moja. Lakini katika basi la kurudi nyumbani Wesley hakuimba na wenzake. Tulipokaribia Nakuru akaniuliza, "Uliniona?"

"Nilikuona, na imekwisha," nikamjibu.

"Kwangu haijaisha," akasema, akageukia dirisha.

Pengine ingeisha, mwanangu, kama tungeachwa. Mwanamume angelima, angekama ng'ombe, tungepata watoto, na jambo lenyewe lingefifia. Lakini Kipkoech alikuwa mcheshi. Pale kituo cha kununulia chai, watu wakisubiri lori na vikapu vyao, nami nikiwa miongoni mwao, aliisimulia safari yetu, akamwita kijana mmoja asimame awe mimi, akamrukia mabegani. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Wesley akatokea na kikapu chake mgongoni. Wakanyamaza, kisha mmoja akashindwa kujizuia. Wesley akaweka kikapu chini, akarudi nyumbani bila kupimiwa majani yake.

Hakurudi tena kituoni. Aliacha kwaya, kisha akaacha kanisa. Mezani alikula akiwa amenipa kisogo. Baadaye akaenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya chai huko Nandi, na barua zangu hazikujibiwa. Nikamfuata. Alinipokea vizuri, akanipikia chai kwa mkono wake, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kila nikikuangalia naona kichwa chako kikizama. Rudi kwa mama."

Nikarudi peke yangu. Kipkoech aliposikia alikuja kwetu kuomba msamaha, akilia kweli, maana hakuwa mtu mbaya. Mama mkwe wangu hakumkaribisha kiti. Alimwambia, "Bahari ilinirudishia mwanangu. Wewe ndiye uliyemchukua." Akaingia jikoni. Mpaka tunamzika, mama yule hakumsikia tena mwanawe akiimba. Wesley yuko huko Nandi hadi leo, mzee kama mimi, na mimi niko hapa.

Basi nakuambia hivi, mwanangu. Usilolijua, sema hulijui, hata wenzako wakikutazama. Lakini hilo ni dogo. Ukimwona mtu katika dakika ambayo hofu imemvua utu wake, usiichukue dakika hiyo ukaenda nayo sokoni. Aliyetendewa anaweza kusamehe kabla hajakauka maji, kama mimi. Wanaocheka wao hawana cha kusamehe, kwa hiyo kicheko chao hakina mwisho. Na ukiwasikia wanacheka, usinyamaze ukingoja wachoke. Mimi nilinyamaza kwa adabu ya mke mgeni, na adabu hiyo haikunisaidia kitu.

Nenda salama. Mungu akulinde majini na nchi kavu, akupe mwenzi atakayezeeka nyumbani kwako, na akufunge mdomo siku ambayo neno lako lingemwondoa mtu kwao.