Salamu Kabla ya Bisibisi

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Kitengo alinikabidhi bisibisi mbili, brashi ya vumbi na sharti moja. "Kabla hujagusa mashine, msalimie anayeitumia," alisema. "Muulize imeamkaje. Ndipo ukae." Nilidhani ananifundisha adabu tu, maana huku Ufipa salamu hazina haraka, utaulizwa habari za nyumbani, za shamba, za ulezi, ndipo ufikie shida yako. Nilikuwa nimetoka chuoni, kichwa kimejaa. Niliitikia ili yaishe.

Nilipelekwa Kasanga, ambako unyevu wa ziwa ulikula nyaya, kisha Kipili, kisha nikarudishwa Sumbawanga mjini. Ufundi wa kompyuta ofisini hauna shukrani. Mashine ikiwaka hakuna anayekukumbuka. Ikigoma, mchawi ni wewe. Miaka inakwenda hivyo, na mgongo unakwenda nayo.

Ninalotaka kuwasimulia lilitokea wakati wa mvua, katika kituo cha afya kimoja nje ya mji. Kompyuta ya wodi ya wazazi ilitunza majina ya watoto wote waliozaliwa pale. Diski yake, kile kisanduku kinachohifadhi kumbukumbu, ilianza kugonga ndani, na diski ikigonga hivyo siku zake zimekwisha. Daftari la karatasi la miezi ile lilikuwa limelowa bati lilipovuja, likawa uji. Kwa hiyo majina yalikuwa mle tu. Bila jina pale, mama hapati tangazo la kizazi, na kupata cheti cha kuzaliwa bila tangazo ni njoo kesho isiyoisha, nacho ndicho shule huulizia mtoto anapoandikishwa.

Nilikuwa na chelezo, yaani nakala ya akiba, lakini ilikuwa ya kabla ya mvua. Mpango ulikuwa mwepesi: niirudishe kwenye diski mpya, mashine iwake, kisha nihamishe miezi iliyobaki kutoka diski kuukuu. Nilifika nimechelewa na nimelowa. Kwenye benchi la mlangoni alikaa Mama Yustina, mtunza kumbukumbu, aliyeitumia mashine ile kila siku. Nilimtupia shikamoo nikipita, sikungoja hata marahaba.

Mashine haikuwaka. Iliandika kwamba haioni diski ya kuanzia. Nikarudia kazi yote, ikagoma. Nikabadili waya, ikagoma. Mganga Mfawidhi, mkuu wa kituo, alikuja mara mbili kuuliza kama bado, nami aibu ikanipanda. Nikaamua kwamba diski mpya ndiyo mbovu, nikairudisha chelezo juu ya ile kuukuu, nijaribu. Chelezo ikirudishwa hufuta kilichokuwepo. Nililijua hilo kama ninavyojua jina langu, na bado mkono ulibonyeza.

Nayo ikagoma. Ndipo Mama Yustina akaingia, akaomba nimpishe. Aliirudisha diski mpya mahali pake kwa kuniagiza mimi, akaiwasha, akabonyeza kitufe kimoja, akashuka mistari mitatu, akachagua. Ikawaka.

"Hii kila asubuhi lazima uielekeze njia yake ya zamani," alisema. "Jioni tunaichomoa ukutani kwa ajili ya radi, basi inasahau. Ungeniuliza, baba."

Betri ndogo ya ndani, ukubwa wa kifungo cha koti, ilikuwa imekufa. Hiyo ndiyo huikumbusha mashine namna ya kuanza ikiwa imekatwa umeme. Chelezo ilikuwa nzima. Diski mpya ilikuwa nzima. Mbovu nilikuwa mimi.

Nilipomweleza nilichofuta hakunigombeza. Alivuta jalada la ripoti, na mimi niliona heri angenitukana. Ripoti za mwezi zilikuwa na idadi ya watoto, si majina, hivyo alijua wamepotea wangapi. Kuanzia hapo alivizia akina mama siku za kliniki, akinakili kutoka kadi zao. Wa kijiji cha Mollo walikuja karibu wote. Wafugaji wengine walikwisha kusogea na ng'ombe wao, hakuna aliyejua wapi.

Sasa nimestaafu, nalima mahindi, magoti yananiuma. Majuzi nilikutana na Mama Yustina nje ya kanisa, naye amestaafu. Nilimwamkia nikangoja marahaba. Nikauliza habari za nyumbani, za shamba, za ulezi. Mwisho nikauliza habari za ile orodha.

"Bado wanne," alisema. "Mwaka huu wangeanza shule."