Mjomba Anapanda Mgeta

Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Msemo huo nimeufuata maisha yangu yote hapa Morogoro mjini, na pikipiki yangu ilikuwa haijawahi kunifikisha mbali kuliko Mzumbe. Ila Jumamosi ile nilitakiwa Mgeta, juu milimani Uluguru, kwa sababu mpwa wangu Felista alikuwa anaposwa. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na kwa watu wetu posa haijibiwi mpaka kaka wa mama atamke. Dada yangu Veronika hana kaka mwingine.

Magari yalikuwa yameacha kupanda kwa ajili ya mvua. Felista mwenyewe alinipigia kwa simu ya mama yake: "Mjomba, njia imeharibika sana. Usijisumbue." Kijana aliyeposa alikuwa anamaliza likizo, arudi kazini kwenye mashamba ya miwa; nisipofika, jambo lingelala hadi mwakani, au lingekufa kabisa. Niliona aibu. Mtoto ananihurumia mimi, mtu mzima na mvi zangu! Nikajaza mafuta.

Mlali nilifika mapema, nikanywa chai ambayo sikuwa na hamu nayo, ili tu nichelewe kidogo. Kijana mmoja wa bodaboda aliinama kuangalia magurudumu yangu.

"Mzee, unapanda Mgeta na tairi kipara namna hii?"

"Kuna ubaya gani?"

"Ubaya utaukuta huko huko. Panda na gia namba moja, na breki ya mbele usiiguse kwenye changarawe. Ukiigusa tu, umelala chini."

Wenzake wakacheka. Na mimi nikacheka, chai ikanimwagikia mkononi.

Baada ya Mlali barabara ilianza kujikunja. Kushoto kulikuwa na ukuta wa udongo mwekundu, kulia hakukuwa na kitu. Chini kabisa niliona migomba, midogo kama mboga za bustanini, na nilisikia mto ambao sikuuona. Nilisali kwa sauti sala zote nilizofundishwa kanisani, na zilipokwisha nikazianza upya. Kwenye kila kona nilipiga honi, ingawa hakuna aliyekuwa anakuja.

Karibu nusu ya mlima nilikuta barabara imeporomoka. Kilichobaki kilikuwa kipande chembamba chenye tope kando ya ukuta. Nilisimama nikiwa nimeshika breki mpaka vidole vikafa ganzi. Nilitaka kurudi, nakiri, lakini hata pa kugeuzia pikipiki sikupaona. Ndipo mama mmoja aliyejitwika tenga la kabichi akatokea upande wa juu, akakivuka kipande kile bila hata kupunguza mwendo.

"Mbona umesimama, baba?"

"Naogopa, mama. Hapa panapitika?"

"Si umeniona nimepita?" Akatua tenga lake. "Washa, shuka, uisukume, mimi nashika nyuma. Bondeni usitazame. Tazama unakokwenda."

Katikati gurudumu la nyuma lilididimia na ukingo ukameguka. Nilisikia mabonge ya udongo yakianguka, yakaendelea kuanguka. Nilikaza macho kwenye jiwe jeupe lililokuwa mbele yangu, nikasukuma. Tulipovuka, nikakaa chini.

"Unafuata nini huko juu?"

"Nakwenda kumwoza mpwa wangu."

"Mungu akubariki. Wajomba wa siku hizi wanamaliza mambo kwa simu."

Mchana nikafika. Walinipokea kwa vigelegele, na Veronika alinikumbatia na matope yangu yote. Felista hakupiga kigelegele. Alinipeleka nyuma ya nyumba na beseni la maji ya moto ninawe miguu, na hapo nikaona macho yake yamevimba.

"Mjomba, kwa nini umekuja?"

Niliingiza mguu mmoja ndani ya beseni.

"Simtaki yule kijana. Hana ubaya wowote, ila simtaki. Baba hasikii, mama hasikii. Nikasema bila mjomba posa haijibiwi, wakanisifu kwa adabu. Nilijua huwezi kuipanda njia ile kwenye mvua." Alikuwa ananisugua matope kisiginoni huku machozi yanamtoka. "Woga wako ndio niliokuwa nautegemea."

Nimeshaogopa mengi, lakini sijawahi kuogopa kama pale mbele ya beseni. Nilikuwa nimeponea chupuchupu kufa njiani ili nije kumharibia mtoto maisha.

Sebuleni walijaa watu. Mshenga, yaani msemaji wa waposaji, alinisifu kwa ushujaa wangu kisha akaniomba neno. Shemeji yangu alikuwa anatabasamu. Wali ulinukia jikoni. Nilitafuta pa kutazama, nikautazama mlango.

"Mimi mjomba wake, posa hii nimeikataa."

"Sababu, mzee wangu?" mshenga akauliza.

"Sababu ninayo mimi. Kijana hana kosa. Anayetaka kulaumu, anilaumu mimi."

Tabasamu la shemeji likaisha. Kisha dada yangu akasema polepole, "Umepanda mlima wote huu kuja kusema hapana?"

"Ndiyo, dada."

Wali sikuula. Shemeji alitoka nje bila kuniaga. Wakati wa kurudi ukungu ulikuwa umeshuka na sikuona hata bonde, jambo lililonitisha zaidi. Kipande kile chembamba nilikivuka peke yangu, nikisukuma na kulia, sioni haya kusema.

Jioni, baada ya kufika mjini, nilipiga simu kutoa taarifa kama ilivyo desturi. Veronika alipokea, akaisikia sauti yangu, akampa Felista simu.

"Umefika salama, mjomba?"

"Nimefika."

"Uliogopa?"

"Sana."

"Njia?"

"Na njia pia."

Anayekwenda Mgeta wakati wa mvua nimeshamweleza: gia namba moja, breki ya mbele usiiguse, macho yawe mbele. Kuhusu sebule sina la kufundisha. Nimejifunza tu kwamba mtu huweza kusema neno lake huku anatetemeka, na likasikika. Dada yangu bado hazungumzi nami. Siku atakayoniita nitapanda tena, nikiogopa vile vile.